Mkono Wangu Ulipokaa Tumboni

Juzi nilipokwenda Mpanda na mzigo wa nta nilikutana na dresa wetu wa zamani, yule mfunga vidonda wa hospitali, pale stesheni. Akanipa habari ya mama mmoja aliyemtoa mwanawe wodini kupitia dirishani. Mtoto aliungua mkono, na mama alipoambiwa kwamba mkono utashonewa tumboni ukae huko mpaka ushike ngozi mpya, alingoja watu waende kula, akamfunga mtoto mgongoni, akapotea. Dresa akaniambia, "Leonsi, wewe kuandika unajua, na mdomo unao. Andika wakusome. Mimi wakiniona na koti jeupe hawaniamini."

Ndiyo naandika. Mama uliyekimbia, sikulaumu. Mimi mwenyewe nilitaka kukimbia, ila kaputura yangu ilikuwa imefungiwa kabatini. Kaa hapo nikusimulie, na mahali nitakapocheka nawe ucheke, maana hakuna aliyekufa.

Mimi ni mrina asali, mwana wa mrina asali, wa msitu wa Ukonongo, upande wa njia ya Inyonga. Mizinga yetu ni ya magome na inatundikwa juu kabisa kwenye miti ya miyombo, na kazi yote iko kwenye kamba. Mzinga unapanda kwa kamba, kapu la masega linashuka kwa kamba, na wewe mwenyewe unajishikilia kwa kamba. Asiyeweza kufunga ngumi msituni hana lake. Lishike hilo, maana habari yangu yote iko hapo.

Ilikuwa kiangazi, asali tumekwisha kurina, tunachemsha nta kambini. Masega yanachemka kwenye maji, nta inapanda juu, unaichuja kwa gunia, unaimimina chombo kingine igande. Mimi nimeshika gunia, figa moja likateleza, sufuria ikainamia upande wangu. Nta ya moto siyo maji ya moto. Maji yanakumwagikia yanakwenda zake, nta inakaa. Ilikaa mgongoni mwa mkono wangu wa kulia, kuanzia kifundo mpaka vidoleni, na nilipoibandua iliondoka na ngozi.

Kidonda kilichukua masika nzima kufunga. Mama yangu alikipaka asali kila siku, hakikuoza hata kidogo, na mpaka leo anajisifu kwa hilo. Lakini kilifunga kwa kujivuta, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani. Kila nilipokitazama vidole vilikuwa vimekwenda nyuma zaidi, mpaka vikasimama vyote wima kama mtu anayesimamisha gari. Nikala kwa mkono wa kushoto, wazee wakatazama pembeni. Nikasalimia kwa kushoto na kuomba radhi kwa kila niliyemsalimia. Kamba ndiyo sikuweza kabisa.

Nyumbani nako kukachafuka. Kwetu mume akiwa kambini kwa nyuki, nyumbani hakugombwi. Mke hapandishi sauti, hazozani na jirani, maana wanasema nyuki wanajua. Basi nilipoungua watu wakaanza kutafuta nani aligomba, wakampata mke wangu Tekla, kwa sababu siku zile alikuwa amemwambia wifi yake arudishe kinu. Kinu tu jamani. Baba yangu naye aliacha kula chakula cha Tekla. Akikaribishwa anasema ameshiba. Hilo lilimuuma Tekla kuliko tusi.

Tekla siyo mwanamke wa kulia nyuma ya nyumba. Mwaka ule alilima peke yake, akapalilia, akavuna, akaweka mahindi darini, kisha akaja akasimama mbele yangu na khanga imefungwa kiunoni.

"Baba Anna, kesho tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Popote wanapotengeneza mikono. Mimi nimechoka kuitwa mchawi kwa ajili ya kinu."

Mtoto wetu Anna tulimwachia mama. Tukatembea mpaka Mpanda, tukalala kwa shangazi yangu Majengo, asubuhi tukaenda zahanati. Pale waliugeuzageuza mkono wangu, wakatuelekeza hospitali moja ya misheni, upande wa Tabora, wakasema kuna daktari mgeni anayehamisha ngozi. Tukapanda treni. Siku zile treni ile ilijali zaidi mawe ya mgodi kuliko watu, lakini ilitufikisha. Kila kituo niliposogea dirishani watu walinipungia, wakidhani nawaaga. Mwishowe nikaacha kujieleza nikawa naitikia.

Sasa nikwambie habari ya benchi, maana kabla ya kisu kuna benchi. Lilikuwa refu, la mbao, limekaliwa mpaka limeng'aa. Unasogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni, na kila anayekaa karibu yako anakuuliza una nini, naye anakueleza yake. Kufikia jioni ya siku ya kwanza nilijua matumbo ya watu wote wa Tabora. Hatukuitwa. Siku ya pili hatukuitwa. Tekla akaanza kusuka ukili, na mimi moyo ukaanza kurudi nyuma. Nikamwambia labda turudi, mkono wa kushoto nao ni mkono. Hakuinua macho. "Rudi," akasema, "mimi nitawaambia wanitengeneze mimi." Nikakaa.

Hatimaye tukaitwa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili cha polepole. Aliushika mkono wangu kama mtu anayeshika yai, akaukunja, akaukunjua, kisha akaniambia nivue shati. Nikashangaa, tumbo halikuwa na kosa. Akachora kwa wino kwenye tumbo langu, upande wa kushoto chini ya kitovu.

"Hapa nitafungua mfuko," akasema. "Mkono utaingia ndani ya mfuko. Utakaa. Ngozi ya tumbo italala juu ya mkono, na mkono utaipokea."

"Mpaka lini, bwana?"

"Mpaka mishipa ikutane. Sasa ngozi hii inakula kwa tumbo. Damu inaingia njia yake, inatoka njia yake, na maji ya mwili yana njia zake. Nikiikata yote leo, inakufa. Nikiacha upande mmoja umeshikana na tumbo, inaishi, na polepole inafungua njia mpya kwenye mkono."

"Na ikikataa?"

Hakunidanganya, nampenda kwa hilo. Akasema ikikataa itakuwa nyeusi na kuoza, na mkono utakuwa mbaya kuliko sasa. Akasema kazi kubwa haikuwa yake, ilikuwa yangu: nisiuvute mkono. Nikiuvuta hata mara moja kwa nguvu, njia zile changa zitakatika.

Miyombo ilikuwa inaanza kutoa majani mekundu, yale yanayotangulia mvua, siku waliponipa nusukaputi. Nilipoamka nilikuwa nimejengewa nyumba. Kifua, bega na mkono mzima vimezungushiwa plasta ya chokaa, ile inayoganda ikawa ukuta, ili nisijisahau usingizini nikavuta. Chini tumboni waliacha dirisha, daktari achungulie ngozi yake. Na vidole vyangu vinne vilitokeza upande wa pili wa mfuko, vimelala karibu na kitovu kama wageni waliochelewa kupewa kiti.

Kila asubuhi daktari aliinama pale dirishani, akabonyeza ngozi kwa kidole, akaachia, akatazama damu inavyorudi. Isiporudi ni vibaya. Ikirudi kwa haraka sana, nayo ni vibaya, maana imejaa na haipati pa kutokea. Yeye alitaka irudi kwa utaratibu, na ilipofanya hivyo alisema, "Polepole. Vizuri." Wodi nzima tukamwita Bwana Polepole, na nadhani alijua.

Kitanda cha jirani alilala Rashidi, mvuvi wa Karema, mwenye donda la mguu lililomweka kitandani miezi. Mguu wake ulitundikwa juu na alikatazwa kuukanyagia chini. Hakuwa na kazi nyingine ila mimi. Kila alfajiri akimaliza kuswali pale pale kitandani, ananyoosha mkono, anashika ncha za vidole vyangu, anasema, "Hodi humo ndani. Mmeamkaje?" Siku nyingine ananiuliza ujauzito unaendeleaje. Mimi nimekatazwa kucheka, kwa sababu tumbo likicheka mkono unacheza. Nikawa nauma shuka. Tekla alimtishia kummwagia uji, naye akasema uji wenyewe ulete, nina njaa.

Nikwambie jambo la ajabu ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Siku moja sisimizi alipita pale dirishani, juu ya ile ngozi iliyofunika mkono. Macho yananionyesha yuko mkononi, mwili unaniambia yuko tumboni. Ile ngozi ilikuwa imehama lakini bado inapeleka habari kwao. Nililala nalifikiria jambo hilo siku nzima, na nikakubali moyoni kwamba sasa nina mkono wenye makabila mawili.

Kilichonitesa kweli ni plasta. Kingo zake zilinikwaruza kwapani na ubavuni mpaka nikatoka malengelenge. Tekla alizifunga vitambaa, vikatoka jasho na kunuka. Ndipo baba akaja.

Alikuja kwa treni, yeye asiyependa hata baiskeli, na kifurushi cha nta begani. Alimsalimia Tekla kwa adabu lakini kwa mbali, akakaa kando ya kitanda, akanitazama nilivyojengwa. Hakusema pole. Aliikagua plasta yote kama anakagua kazi ya fundi mwingine, akaona kingo zinavyonila. Akatoka kwenda jiko la ndugu wa wagonjwa, akalainisha nta yake kwa moto mdogo, akarudi akaipaka kingo zote, na kwapani akaingiza mkono ndani, akapaka mpaka alipofika. Tangu siku ile plasta haikuniuma tena. Ikateleza juu ya ngozi kama sabuni. Nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza, na dresa akasema hii ndiyo dawa, akauliza kama baba anaweza kuwapakia wengine.

Kesho yake mchana, nyuki mmoja aliingia kwa dirisha la wodi. Akazunguka plasta yangu, akatua penye uwazi wa kwapani, akaingia ndani, akakaa, akatoka. Baadaye wakaja wawili, halafu wanne. Wanaingia, wanatembea huko ndani, wanatoka, wanakwenda zao. Mrina asali yeyote angejua. Sisi mzinga mpya hatuutundiki hivihivi. Tunaupaka nta ndani, ili nyuki wanaotafuta makao wasikie harufu, watume wenzao waje kupima. Na mimi nilikuwa nini? Gome gumu kwa nje, giza na joto ndani, mlango mdogo, na nta imepakwa na baba yangu mwenyewe, kwa mkono uleule uliopaka mizinga maisha yake yote. Tena wakati huo miyombo imechanua na makundi yanahama.

Nikamwambia dresa, "Hawa wanapima nyumba. Watakuja wote." Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Simlaumu, hata mimi nilijiambia hawatathubutu.

Walithubutu. Jua lilikuwa utosini. Kwanza nilisikia ule mvumo ninaoujua tangu tumboni mwa mama, kisha dirisha likawa jeusi. Rashidi akasema, "Leonsi, hao ni wa kwenu?" Nikamjibu ni wa kwetu. Hapo Rashidi, ambaye mguu wake haukugusa sakafu tangu mwanzo wa kiangazi, aliufungua mwenyewe kwenye kamba yake akapita mlangoni mbele ya watu wazima. Aliyekuwa na mshono akatoka ameushika. Mzee aliyekuwa anakata roho kila siku akatoka. Ndani ya muda mfupi wodi ilibaki vitanda, mimi, na nyuki.

Walitua begani, wakafunika kifua, wakaanza kuingia kwapani kwa utaratibu, kama watu wanaoingia kanisani. Wewe usiyejua nyuki, nikuambie: kundi linalohama halina ugomvi, limeshiba asali na halina mtoto wa kulinda. Lakini ukilipiga, ukilikurupusha, basi. Na mimi hata ningetaka kupiga, mkono wa kulia uko tumboni, umeshikwa na njia changa za damu. Mwili mzima uliniambia vuta mkono, kimbia. Nilisikia bega linajikaza lenyewe. Nikajiambia, Leonsi, ukivuta umerudi kwenye kusimamisha magari maisha yako yote. Nikafumba macho nikapumua kwa pua.

Mtu akashika mkono wangu wa kushoto. Nikafungua jicho moja. Tekla. Watu wote wametoka kwa mlango ule, yeye ameingia kwa mlango ule, khanga kichwani, akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida.

"Toka," nikamwambia.

"Nyamaza. Na usicheke."

"Nani anataka kucheka?"

"Rashidi yuko juu ya tangi la maji," akasema.

Mungu anisamehe, hapo ndipo ilikuwa karibu kuharibika. Nyuki hawakunishinda, jina la Rashidi lilikuwa linanishinda. Nilijiuma ulimi mpaka nikasikia damu. Nyuki mmoja aliyebanwa kati ya sikio na mto akanichoma, na kwa kweli nilimshukuru, maana maumivu yalinizuia kucheka.

Baba aliingia na kigae cha makaa na gome linalofuka moshi. Daktari alikuwa mlangoni nyuma yake, shati limeloa jasho, anasema kwa sauti ya chini, "Mkono. Mzee, mkono usitikisike." Baba hakugeuka. Alipiga magoti, akapuliza moshi kidogo sana kutoka chini, akangoja. Hakuwa na haraka yoyote. Akawa anawaambia nyuki kwa Kikonongo kwamba nyumba hii ina mwenyewe, watoke atawapa nyingine. Wakaanza kutoka, akawachota kwa kiganja, konzi kwa konzi, akawaweka kwenye boksi tupu la pamba ambalo Tekla alimshikia. Wawili wale, mmoja anachota mmoja anashika boksi, hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu siku ya kinu. Alipompata malkia na kumtia ndani, waliobaki wakamfuata wenyewe.

Daktari aliingia. Akainama dirishani tumboni, akabonyeza, akaachia. Wote tukangoja. Nilitazama uso wake, sikutazama ngozi.

"Polepole," akasema. Kisha akakaa kitandani kwa Rashidi, akafuta uso, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Baba aliwatundika wale nyuki kwenye mti nyuma ya jiko la masista, na wapo mpaka leo, masista wanarina. Jioni ile alikuja mahali Tekla alipokuwa anasonga ugali. Hakukaa mbali. Akasema, na nilisikia kwa sababu jiko lilikuwa karibu na dirisha langu, "Mama Anna, wadudu hawa hawakai penye ugomvi. Wamekaa kwa mume wako na wewe umekaa nao. Mimi nilikuwa sijaona vizuri." Halafu akasema, "Nina njaa." Tekla akampakulia. Alikula akaongeza, na Tekla akaja kuniambia huku anajifanya anatafuta chumvi, machozi yanamtoka.

Plasta ilipanguswa kwa sabuni ya dawa kila siku baada ya hapo, na nta ikapigwa marufuku wodini. Rashidi alirudishwa kitandani na kuonywa, lakini donda lake halikuharibika, akaanza kusema nyuki ndio waliomponya.

Mvua za kwanza zilipopiga bati, siku yangu ya kutenganishwa ikafika. Dresa alisema, "Kesho unaachishwa ziwa," na ndivyo ilivyokuwa. Hawakukata kwa mara moja. Walikata nusu, wakangoja kuona kama mkono unajilisha, halafu wakakata iliyobaki. Nikaamka mkono wangu uko hewani, peke yake, na mgongoni umevaa kipande cha tumbo langu, kinene, laini, kama mandazi. Daktari akaniambia nifunge ngumi. Vidole vilikuwa vigumu, vilisogea kidogo tu, lakini vilisogea mbele. Tekla akageukia ukutani.

Kisha ukavimba. Damu ilikwishapata njia zake, lakini yale maji ya mwili yalikuwa bado yanatafuta. Daktari akasema niuinue juu ya moyo mchana kutwa, maji yapate kuteremka. Basi nikatoka hospitali na mkono juu, nikapanda treni na mkono juu, watu wakanipungia tena. Kule kwetu nilikwenda kwenye baraza la jumbe, wakauliza nani atasimamia kusafisha njia ya mtoni, na kabla sijakumbuka mkono wangu uko wapi, nikateuliwa. Nilisafisha njia ile kwa kushoto mpaka uyoga ulipoisha msituni.

Vidole navyo nilivifanyisha kazi kama punda. Kukunja, kukunjua, kukamua kitambaa, kukanda unga wa Tekla. Kufikia mahindi mabichi nilifunga ngumi. Nilidhani nimepona.

Lakini ile ngozi ilikuwa kimya. Ilipoachishwa tumbo iliacha kupeleka habari tumboni, na mkononi ilikuwa haijaanza. Siku moja tunaota moto, Tekla akainua pua. "Nani anachoma nyama?" Tukatafutana. Ilikuwa mimi. Nilikuwa nimeegemeza mkono kwenye kuni, na sikusikia kitu. Msimu wa kurina ulipofika nikamwomba baba kamba. Akaushika mkono, akaubonyeza.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Juu kule kuna moto, kuna nyuki, na macho yako yamejaa moshi. Mkono usiosikia utakuangusha. Ngoja."

"Na usiposikia kamwe?"

"Utachemsha nta," akasema, na hakuwa anatania. Msimu ule nilibaki chini. Nilipokea makapu, nilibeba, nilichemsha. Nilikuwa na mkono mzuri, mnene, unaofunga ngumi, na sikuwa na kazi yangu. Nilinenepa kwa asali na mkono nao ukanenepa, maana tumbo ni tumbo hata likihamia wapi. Watu walinicheka, nikacheka nao, lakini nyumbani nilimwambia Tekla kwamba naona aibu. Akasema, "Ngozi imetoka mbali. Ipe muda ijue ndugu zake." Kila jioni aliipitishia bua, kuanzia pembeni kwenda katikati, ananiuliza wapi. Nilikisia ovyo. Hakuchoka.

Miyombo ikatoa majani mekundu tena. Tulikuwa wawili msituni, baba na mimi, tunakagua mizinga. Baba yuko juu, mimi chini nashika mwisho wa kamba. Nikasikia kitu. Kikali, kidogo, kama sindano iliyopita motoni. Nikagusa sikio, hapana. Shingo, hapana. Nikatazama mkono. Kimwiba kilikuwa kimesimama katikati kabisa ya ile ngozi, bado kinadunda.

"Baba."

"Nini?"

"Nyuki kanichoma."

"Ndiyo kazi yake."

"Kanichoma hapa."

Akauacha mzinga huko juu. Kisha akashuka, kwa haraka ambayo sijaiona kwake. Akaushika mkono wangu, akakitazama kimwiba, hakukitoa. Akaokota mwiba wa mti.

"Tazama kule," akasema. Nikageuza uso. "Wapi?"

"Karibu na kidole cha shahada."

"Sasa?"

"Chini, penye kifundo."

"Sasa?"

"Hujagusa."

Akaniachia. Akageuka akatazama miti kwa muda, mgongo kwangu, na bega lake likapanda na kushuka. Niliendelea kumsubiri huku mkono unavimba na kuwasha na kuuma, na sikumbuki maumivu yoyote yaliyonipa furaha kama yale. Hatimaye akafungua kamba kiunoni mwake, akanitupia bila kugeuka.

"Mzinga wa pili uko juu," akasema. "Mimi magoti yananiuma."

Magoti yake hayakuwahi kumuuma maisha yake yote. Nikafunga ngumi kwenye kamba, nikakwea.